Vidonge vya manjano kwa mama anayesahau, naomba ushauri

Habari zenu wakuu, mama yangu ana miaka 71 yuko Tanga, siku hizi kusahau kumezidi, juzi katia chumvi kwenye mchuzi mara tatu afu anauliza nani kaharibu mboga, tukacheka wote lakini mi moyoni sikucheka. Sasa dada kamletea vidonge vya manjano eti vinarudisha kumbukumbu. Nikaingia mtandaoni nikakuta kweli kuna utafiti wa chuo kikuu cha UCLA kule Marekani ulitoka 2018, watu 40 wa miaka 50 mpaka 90, waliomeza kakyumini (kile kiambata kilichomo kwenye manjano) miligramu 90 mara mbili kwa siku miezi 18 kumbukumbu zao zikapanda kuliko waliopewa vidonge hewa visivyo na dawa, ila hao hawakuwa na ugonjwa wa kusahau na 40 ni wachache jamani, tena ile ilitengenezwa maalum mwili uinyonye, sio bizari ya sokoni. Halafu kuna wa China wa 2019, waliokula pilipili zaidi ya gramu 50 kwa siku walionekana kupoteza kumbukumbu haraka zaidi, na mama bila pilipili mbuzi hali huyo!

Kinachonitisha zaidi mama anatumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, na manjano ya vidonge yanaweza kuongeza hatari ya kutokwa damu. Dada haelewi, anasema manjano ni chakula tu.

Nani ashapitia hili na mzazi wake? Nianzie kwa daktari yupi, na dada nimwambieje bila kugombana? Pilipili nayo nimpunguzie?