Mafundi wa kupima gari na mashine hapa Nakuru, mmetugeuza ATM

Wadau niko na hasira sijui nianzie wapi. Wiki tatu zilizopita natoka Gilgil na mvua, nikifika hapo Mbaruk dashibodi ikawaka taa zote kama mti wa krismasi, ABS (ile inazuia tairi kukwama ukishika breki), hendbreki, usukani, na mshale wa spidi ukaanguka kwa sifuri na mimi niko kwa 80. Baada ya dakika mbili ikarudi sawa. Kesho yake tena. Nikasema hapana, wacha nipeleke kwa fundi kabla iniue.

Fundi mwenyewe (jina sisemi, gereji yake hapa taun mnapita kila siku) akachomeka mashine, elfu mbili ya kuchomeka tu!, ikatoa kodi U0121. Kodi ni ile namba ya hitilafu, si ile ya nyumba, ingawa nililipa karibu sawa. Akanionyesha skrini na sura ya daktari mwenye habari mbaya, eti "mkubwa, kontrol boksi ya ABS imekufa." Hakugusa waya hata moja, hakupima betri, hakufungua hata fyuzi aangalie. Nikanunua ya mtumba ya Japani, boksi na pampu yake, elfu 26. Kazi elfu tatu. Na juu wamefungua mipira ya breki hawakutoa hewa vizuri, pedali ikawa laini kama mandazi ya jana, nikarudi nikiendesha na roho mkononi.

Siku mbili, taa hizo hapo tena. Kodi ile ile. Unajua akasema nini? "Basi ni ECU ya injini," yaani kompyuta yake. Elfu 38. Hapo ndio nilitoka bila kuaga.

Kuna mzee wa wayaring kule Kaptembwa, jirani alinielekeza. Huyu hana banda kubwa, ana mita ya kawaida tu ya kupima umeme na kiti cha plastiki. Akatoa terminali ya betri, akangoja kidogo, akaingiza sindano za mita kwa ile soketi ya mashine chini ya usukani, tundu la 6 na la 14. Ikasoma ohm 120. Akacheka. Akaniambia kijana, hapa tunataka 60 hivi, juu kila mwisho wa laini ya mawasiliano ya gari kuna rezista, kidude cha kupunguza umeme, ya 120 na zikiwa mbili sambamba unapata 60. Ukiona 120 mwisho mmoja umepotea njiani. Ingekuwa karibu na sifuri angesema waya mbili zimegusana.

Halafu akanieleza kitu nimekuja kuwaeleza nyinyi wote mnaouziwa maboksi. Gari za siku hizi maboksi yake yanaongea kwa waya mbili zimesokotwa pamoja, CAN wanaiita, ilitoka kwa Bosch wa Ujerumani miaka ya 80. Zikiwa zimetulia kila moja iko na volti 2.5 hivi, boksi likiongea moja inapanda 3.5 na nyingine inashuka 1.5, na wengine wanasoma hio tofauti. Kodi nyingi za kuanza na U zinasema tu kwamba fulani hasikiki. Ni kama ukipiga simu uambiwe mteja hapatikani kwa sasa. Sasa mtu akikosa kupatikana unatangaza matanga?? Si inaweza kuwa betri imeisha, ama yuko mahali hakuna netwok!

Mzee akaanza kutikisa waya chini ya dashibodi huku mimi nashika mita, 120, 120, 60, 120. Akasimama hapo hapo. Kufungua tepu, ni ile kazi ya kijana aliyenifungia traka mwaka jana. Alikata zile waya mbili, akazisokotanisha na vidole, akazungusha tepu basi. Maji yameingia, shaba imekuwa kijani kama mukimo. Mzee akakata sehemu mbovu, akaunga na solda, akavisha kampira kale kanakaza kakipigwa moto, akazisokota tena vile zilikuwa juu hio kusokotwa ndio inazuia kelele za umeme. Mita ikasoma 60 na haikucheza. Elfu moja mia tano. Na akanitolea hewa ya breki bure.

Nikarudi kwa yule wa kwanza na boksi lake aniregeshee hata nusu. Akanyooshea kidole karatasi kwa ukuta: spea za umeme hazirudishwi. Nikamwambia sawa, basi nipe ile yangu ya kwanza, ile ulisema imekufa.

Ameiuza.

Kwa hivyo kama uko Nakuru na wiki hizi umeuziwa ABS safi kabisa ya kutoka Japani, hio imetoka Section 58, ni yangu, na iko sawa. Angalia waya zako.