Wazazi wamezeeka, ghorofa la Mbezi limewazidi: tuuze, tukarabati au warudi kijijini?

BintiKimara:
Wakuu, habari za leo. Baba ana miaka 74, mama 70. Wanaishi wawili tu na dada wa kazi kwenye nyumba ya ghorofa moja Mbezi, vyumba vitano, vinne viko juu. Chini kuna sebule, jiko, stoo, chumba kimoja kidogo na choo cha wageni. Magoti ya mama hayataki ngazi tena. Hati ipo, ya miaka 99, kwa jina la baba peke yake. Watoto tuko wanne na hatuelewani: wawili wanataka iuzwe wanunuliwe apatimenti ya vyumba viwili, mmoja anasema warudi Moshi kihambani, kwenye shamba la ukoo. Baba hataki kutoka. Tuanzie wapi?

FundiSanifu:
Dada, msianze na bei ya nyumba. Anzeni na swali hili: je, wanaweza kulala, kuoga na kupika bila kukanyaga ngazi hata moja? Ikiwezekana, mzee wenu hana haja ya kuhama.

Chumba cha chini na stoo vipimwe. Mkivunja ukuta wa kati mnaweza kupata chumba chenye bafu lake, lakini kwanza mhandisi ahakikishe ukuta huo haujabeba zege la juu. Bafuni iachwe nafasi ya mita 1.5 kwa 1.5 iliyo wazi, ili kiti cha magurudumu kigeuke siku kitakapohitajika. Mlango uwe na upana wa wazi wa sentimita 80 kwenda juu, na ufunguke kwa nje. Hili la kufunguka kwa nje mafundi wengi hulipuuza. Mtu akianguka bafuni mwili wake huzuia mlango unaofunguka ndani, na waokoaji hawapati pa kupita.

Sehemu ya kuogea isiwe na ukingo wa kuruka. Sakafu iteremke sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu la maji, na marumaru ziwe za kukwaruza, zile zinazong'aa ni hatari zikilowa. Bomba la inchi 4 la choo kipya lipewe mteremko wa sentimita 2.5 kwa kila mita mpaka kwenye chemba. Kama septiki iko upande wa pili wa nyumba, pigeni hesabu ya kina mapema, la sivyo bomba linafika likiwa chini ya mdomo wa septiki.

Kiti cha choo kiwe na kimo cha sentimita 45 hadi 48. Vyoo vingi vya madukani ni vifupi kuliko hapo. Kuinua choo kwa zege chini yake kunawezekana, ila kama bomba lake linatokea ukutani nalo litapanda, na fundi akilazimisha kiungo kitavuja. Kiti cha kuongezea juu ni rahisi na kinatosha. Vyuma vya kushikia viwe bomba la stenlesi la milimita 32 hadi 38, vifungwe kwenye tofali lenyewe, visiishie kwenye plasta. Tofali likiwa la matundu, pitisha bolti mpaka upande wa pili na uweke bati nyuma. Kining'inizio cha taulo kisihesabiwe kama cha kushikia. Kitang'oka siku ambayo uzito wote umekiegemea.

Barazani mkiwa na vidato vitatu vya sentimita 15, jumla ni 45. Mteremko salama ni 1 kwa 12, kwa hiyo njia inataka urefu wa mita 5.4, pamoja na sehemu bapa ya mita 1.5 mbele ya mlango. Umaliziaji uwe wa kusugua kwa brashi. Msipige niru, ile saruji ya kulainisha.

Mthamini_Ilala:
Naongezea upande wa karatasi, maana hapa ndipo familia nyingi hukwama.

Jina la baba peke yake halimpi ruhusa ya kuuza peke yake. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inalinda nyumba ya ndoa: ridhaa ya mama inahitajika, na iwe ya maandishi. Wakiamua kuuza, mlolongo ni upekuzi (kuhakiki hati) kwa Msajili wa Hati, uthamini unaoidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, mkataba mbele ya wakili, kisha fomu za ardhi za kuhamisha miliki, namba 29, 30 na 35. Kodi ya pango la ardhi iwe imelipwa yote. Kodi ya ongezeko la mtaji ni asilimia 10 ya faida, na faida ni bei ya kuuzia ukitoa gharama za kununua, kujenga na kuuza. Kwa hiyo risiti za nondo, saruji na mafundi msizitupe mnaposafisha nyumba! Ushuru wa stempu ni asilimia 1, kwa kawaida mnunuzi ndiye hulipa. Hati halisi isikae kwa dalali hata siku moja. Mkataba utaje pia muda wa kuhama baada ya malipo ya mwisho, siku 60 au 90, ili wazee wasitolewe mbio.

Msikubali shinikizo la kuhamishia hati kwa mtoto "ili kurahisisha". Mtoto akikopea au akifariki, wazazi wanakuwa wapangaji kwenye jasho lao. Wosia ulioandikwa na kushuhudiwa vizuri unatosha. Na fanyeni haya wote wawili wakiwa na uwezo wa kusaini. Baba akitangulia, mama hawezi kuuza mpaka mahakama iteue msimamizi wa mirathi.

Jambo dogo lenye faida: mwenye miaka 60 na zaidi anasamehewa kodi ya jengo kwa nyumba moja anayoishi mwenyewe. Angalieni kama bado inakatwa kwenye LUKU ya umeme.

BintiKimara:
Asanteni sana. Kumbe la ridhaa ya mama hatukulijua. Na apatimenti je? Na Moshi?

Mthamini_Ilala:
Apatimenti ni nzuri kama iko chini kabisa, bila ngazi. Juu zaidi, ulizeni: umeme ukikatika jenereta inavuta lifti, au taa za korido tu? Pampu ya maji je? Sevisi chaji ni kiasi gani, na nani huipandisha? Muuzaji awe na hati ya sehemu yake chini ya sheria ya 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo. Akisema "hati iko kwa mwenye jengo", ondokeni.

MamaKibosho:
Kuhusu Moshi, wakae kwanza huko kipindi cha masika, Machi hadi Mei, kabla ya kuuza chochote. Njia za kihambani ni mteremko na udongo wake huteleza mvua ikinyesha. Hesabuni muda wa kufika hospitali ya KCMC usiku, siyo mchana, na mjue nani ana gari hapo jirani. Choo kikiwa nje, kijengwe cha ndani kabla hawajafika. Kumbukeni pia kihamba ni cha ukoo: pesa ya Mbezi ikizikwa kwenye nyumba ya kule, kuiuza tena ni vigumu sana. Katika miezi hiyo ya majaribio, juu pale Mbezi pangisheni mtu, mkiweka ngazi ya nje na mita yake ya umeme.