Aliyetuhumiwa bila kushtakiwa analindwa na nini?

Swali: Ndugu wanasheria, Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba ya Tanzania inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mwenye kosa mpaka hatia yake ithibitike. Je, aliyekamatwa, picha yake ikasambazwa, kisha akaachiwa bila kufikishwa mahakamani, anasimama wapi?

Jibu la kwanza: Haingii akilini kwamba asiyeshtakiwa awe na kinga pungufu kuliko aliyeshtakiwa. Zaidi ya hayo, Ibara ya 16 inahifadhi nafsi na maisha binafsi ya kila mtu. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika shauri la Bloomberg dhidi ya ZXC, ilifuata njia hiyo ya faragha: anayechunguzwa, kwa kawaida, ana haki ya kutarajia habari hiyo isitangazwe kabla hajashtakiwa.

Jibu la pili: Nakubali, ingawa mtaani mambo ni mengine. Aliyeshinda kesi ana hukumu ya kumwonyesha mwajiri. Huyu ana nini, zaidi ya kumbukumbu ya kuripoti kituoni kila wiki? Richard Jewell, mlinzi aliyetuhumiwa kwa bomu la Atlanta mwaka 1996, walau waendesha mashtaka walimwandikia barua kwamba hachunguzwi tena. Barua ya namna hiyo ingepaswa kuwa lazima kisheria.