Kiwanja kimejaa kifusi, nitapandaje mboga?

Mgeni wa Kawempe: Jamani, naombeni ushauri. Nyuma ya nyumba niliyopanga kuna kipande cha hatua kumi kwa sita. Mwenye nyumba alibomoa vyumba vya zamani akaacha kila kitu hapo: matofali, saruji iliyoganda, chupa. Jumamosi nzima nimeshika sururu, nimepata shimo la kufika gotini na malengelenge manne. Nataka nakati (mboga ya majani ya huku Uganda) na sukuma tu, mvua za Machi zisinipite. Nianzie wapi?

Bibi wa Bombo: Pole mwanangu. Weka hiyo sururu. Okota vioo na misumari, kifusi kisawazishe, upande juu yake kwenye magunia. Simamisha kopo lisilo na matako katikati ya gunia, lijaze kokoto, zungushia udongo, livute juu kidogo, jaza tena hadi mdomoni. Hiyo nguzo ya kokoto ndiyo inayofikisha maji chini. Toboa ubavuni uchomeke sukuma, juu mwaga mbegu za nakati.

Fundi Rama: Bibi kamaliza, ila kokoto zisiwe za saruji! Saruji ina chokaa. Mimi niliitumia, majani yakawa njano, mishipa tu ndiyo ikabaki kijani. Nikadhani ni njaa ya mbolea, nikamwaga samadi mbichi ya kuku. Ikaunguza hata kilichobaki. Ponda matofali ya kuchoma.

Mgeni wa Kawempe: Asanteni. Na udongo? Lori moja bei yake naiogopa.

Mama Swabra: Dada, uko Kampala unalia mbolea? Maganda ya matoke yanatupwa kila siku! Katakata, changanya na majani makavu, funika, geuza kila wiki. Ukianza sasa Desemba, Machi yameoza. Udongo utanunua kidogo tu wa kuchanganyia. Lundo liwe mbali na dirisha, na mbuzi wa jirani asilijue.

Fundi Rama: Halafu uliza hapo palikuwa na nini zamani. Gereji au rangi za kale huacha risasi, yaani madini yenye sumu, ardhini, na mboga za majani huinyonya.

Mgeni wa Kawempe: Nimeuliza. Chumba cha mwisho alikuwa fundi betri.

Fundi Rama: Betri za magari nazo zina risasi! Basi usichimbe tena. Tandika turubai chini ya magunia, udongo utoke kwingine, watoto wasichezee vumbi hilo.

Mgeni wa Kawempe: Haya. Bibi, magunia ya mkaa yanafaa?

Bibi wa Bombo: Yanafaa sana. Yakung'ute kwanza, na usiyakung'utie karibu na nguo zilizoanikwa.