Je, kugeuza umbo kunaondoa haki ya mvumbuzi?

Assalamu alaikum. Mimi ni fundi wa majahazi hapa Matondoni, Lamu. Naomba wajuzi wanieleze: mtu akiiga uvumbuzi wa mwenzake lakini akageuza umbo, je, mahakama humhesabu kuwa ameuchukua?

Jibu: Waalaikumu salaam, fundi. Itazame kesi ya Winans dhidi ya Denmead, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1854. Ross Winans alikuwa na hataza (haki ya kisheria inayomlinda mvumbuzi asiigwe) ya behewa la makaa ya mawe lenye umbo la pia, yaani la mviringo unaopungua kuelekea chini, ambalo ndani yake uzito husukuma pande zote sawasawa, hata bati jembamba likaweza kubeba shehena kubwa. Akina Denmead walitengeneza la pembe nane, wakashinda mahakama ya chini. Katika rufaa, majaji 5 dhidi ya 4 waliitengua hukumu hiyo, na kwa maoni yangu walitenda haki, kwa kuwa kilicholindwa ni namna behewa linavyofanya kazi.

Jibu: Ndugu yangu, hoja ya wale wanne, iliyoandikwa na Jaji Campbell, ni nzito: hataza isipofuata maneno yake yenyewe, fundi mwingine atajuaje mpaka uko wapi?

Jibu: Tuongeze kwamba kesi ilirudishwa isikilizwe upya, ili baraza la waamuzi lipime kama behewa la pembe nane lilileta manufaa yaleyale kwa njia ileile.