Eti Hilux yangu imebaki ya KUFUGIA KUKU!!! Huyu fundi amenizoea

Wakuu, naandika mikono ina oili, herufi zikikosewa mtanivumilia. Ameondoka sasa hivi, vumbi la bodaboda yake halijatua.

Jina sitaji. Kama unaishi Dodoma na umewahi kumiliki chochote kinachokunywa dizeli, unamjua. Ovaroli la kijani, halijaonja sabuni tangu 1973 TANU walipoamua makao makuu yaje huku. Ubuyu mfukoni saa zote. Eeh, huyo huyo.

Nina pikapu, Hilux LN106, injini 3L, namba A. Wiki ya tatu hii niko chini yake hapa nyumbani Nkuhungu, kivulini kwa mwarobaini. Silinda hedi (kile kifuniko cha juu cha injini) nimeshusha mwenyewe, nikaipeleka ikasawazishwa uso, nikapima pistoni zimechomoza kiasi gani ndiyo nikachagua unene wa gasketi (wangapi humu mnafanya hivyo? Nyie mnachukua yoyote iliyopo dukani). Taimingi belti mpya. Springi za nyuma nimeongeza jani moja moja. Limebaki tatizo DOGO tu: asubuhi haiwaki mpaka betri itubu, na ikiwaka inatoa moshi mweupe, majirani wanaanua nguo.

Nikasema nimwite aisikilize. Wakuu, hata boneti hakufungua. Kasimama mbali kama anaogopa kupigwa teke, anamumunya ubuyu. Nikapiga starta. Ikakohoa, ikakohoa, ikawaka. Akatema kokwa. Akasema, mbele ya mke wangu, mbele ya wanangu, mbele ya MAMA MKWE aliyeshuka jana kutoka Kondoa:

"Hii imebaki ya kufugia kuku."

KUKU! Gari iliyotoka Kibaigwa na magunia ishirini ya mahindi bila kuguna!

Halafu akaomba elfu kumi ya usumbufu. Nikampa. Yaani nimelipa elfu kumi kuambiwa kufugia kuku. Na spana yangu namba 17, ya kufungulia mabomba ya nozo, siioni tangu aondoke. Sawa, spana achukue. Kinachoniuma ni mama mkwe, ambaye tangu afike hajaongea zaidi ya salamu, kaizunguka gari taratibu, kachungulia dirishani, kauliza:

"Wanaingia wangapi?"

Wakuu. WANAINGIA WANGAPI.

Hawa watu hawana pa kushtakiwa?

---

Kibao Kata: Niko upande wa mama mkwe. Swali la msingi halijajibiwa. Wanaingia wangapi?

Dizeli Damu: Magunia ishirini kwenye Hilux, halafu unashangaa fundi kukaa mbali. Hata mimi ningekaa mbali.

Mzee wa Nozo: Kijana, huo moshi injini ikipata moto unaisha? Kama unaisha, na maji kwenye rejeta hayapungui, hedi iache. Angalia hita plagi, zile zinazopasha silinda moto kabla ya kuwasha. Chomoa waya, pima moja moja kwa mita, iliyoungua haipitishi umeme. Hizo hita unaziwasha kwa njia gani?

Mleta mada: Hita nilitengeneza mfumo wangu. Nimefunga swichi ya kengele ya mlango, unabonyeza unahesabu mpaka ishirini. Ila mzee wangu, hapa hatujadili hita, tunajadili DHARAU.

Dizeli Damu: KENGELE YA MLANGO 😂😂😂 Hodi hodi, wenyewe mpo?

Kibao Kata: Kumbe banda tayari lina kengele. Kuku wataishi kama wabunge.

Mzee wa Nozo: Hita nne zinavuta umeme mwingi, kaswichi ka kengele kaliungua siku ya kwanza. Weka rilei na waya mnene. Kwa hiyo umeshusha hedi nzima kwa ajili ya kengele?

Mleta mada: Shikamoo mzee, nimekuelewa. Lakini wewe hukusikia alivyotamka. Hakupandisha hata sauti. "Kufugia kuku." Kama mtu anayekutajia bei ya sukari.

Binti Mpwapwa: Afadhali wako alifika. Wangu alifungua pampu ya dizeli mwezi wa tatu, akasema inaenda kupimwa Dar. Gari iko juu ya mawe mpaka leo. Mwanangu alikuwa anatambaa, sasa anapanda bodi mwenyewe. Nikipiga simu, "niko njiani dada". Njia gani hiyo isiyofika Mpwapwa?

Wa Bahi: Mimi ninao ugomvi na wale wanaong'oa themostati, kile kizibo kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Unapeleka gari kubadilishwa paipu ya maji, unarudishiwa haina themostati. Ukiuliza, "huku joto bosi, haihitajiki".

Dizeli Damu: Sasa si kweli? Yangu nimeng'oa tangu 2015, haijawahi kuchemsha.

Wa Bahi: Haichemshi kwa sababu hata kupata joto haipati! Injini ya dizeli ikifanya kazi imepoa inakula mafuta na silinda zinalika. Na Dodoma ya mwezi wa saba unavaa koti asubuhi, joto lipi unalosema?

Dizeli Damu: Wewe unaendesha nini?

Wa Bahi: Kwa sasa bajaji.

Dizeli Damu: 😂😂 Nimemaliza.

Wa Bahi: Pikapu iko kwa fundi!! Nyie watu!

Mleta mada: Jamani turudi kwenye mada.

Kibao Kata: Turudi. Wangapi?

Mama Vifaranga: Kabla hajawajaza, wa nyama asiweke humo, hilo bati likipata jua la saa nane watakufa wote. Wa kienyeji ndiyo wanavumilia, kama thelathini hivi, vioo vishushwe na viti vitolewe. Mimi nimefugia kwenye Hiace mwaka wa pili huu.

Binti Mpwapwa: Dada, vifaranga wa kienyeji unauzaje? Unatuma mpaka Mpwapwa?