Nani anabandika vikaratasi juu ya pomadi za watoto hapa Lubumbashi?

Nauliza, na ninayemuuliza anajijua. Kile kikaratasi cha pinki chenye picha ya mtoto anayecheka, kimeandikwa "Spécial bébé", yaani maalumu kwa mtoto, kwa nini kinabandikwa nyuma ya tyubu, juu ya orodha ya viambato? Mbele si kuna nafasi tele?

Pomadi yenyewe nimeinunua kwenye meza moja komini ya Kenya, mtaa wa hapa hapa mjini, si nchi. Baridi ya mwezi wa saba mnaijua, mashavu ya mtoto yanakauka hadi yanapasuka. Muuzaji akaniapia: "Mama, iko muzuri, hata mutoto wangu minamupakaka." Nyumbani nikalowesha kikaratasi kwa maji ya moto, nikakikwangua kwa ukucha. Chini yake: klobetasoli, asilimia 0.05.

Hiyo si pomadi, ni dawa! Ni steroidi ya kupaka, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho wa ngozi, ya daraja la juu kabisa kwa nguvu, hiyo hiyo wanayotafuta watu wa mkorogo kwa sababu inachubua. Uingereza hairuhusiwi kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja, Marekani haishauriwi chini ya miaka 12. Na inauzika kwa sababu upele unatoweka upesi, nawe mnunuzi unarudi kumsifu muuzaji. Ukiacha, upele unarudi na hasira. Ngozi inakuwa nyembamba, inapata michirizi, dawa inapenya hadi kwenye damu. Mtoto ana ngozi nyingi kwa uzito wake mdogo, kwa hiyo dawa inamwingia kwa wingi kuliko mtu mzima. Mpake makalioni, mfunge pampasi juu, ndiyo umeisukuma ndani kabisa. Inaweza kulaza tezi zinazotengeneza kotisoli, homoni ambayo mwili unaihitaji, uso ukavimba, kimo kikasimama. Halafu ma-tantine, mashangazi zetu, wanashangilia: "Amenenepa, maziwa yamemkubali!"

Poda nazo ni yale yale. Ulaya, poda ya talki (madini laini yaliyosagwa) ya watoto chini ya miaka 3 lazima iandikwe onyo kwamba iwekwe mbali na pua na mdomo. Johnson & Johnson wenyewe, baada ya kesi chungu nzima, waliacha kuuza poda ya mtoto ya talki duniani kote mwaka 2023, wakahamia wanga wa mahindi. Sisi onyo tunalifunika kwa pinki.

Nilimrudia muuzaji. Eti: "Mie minauzaka tu, wakubwa ndio wanaleta." Wakubwa gani hao? Hicho kikaratasi kimechapishwa, kimekatwa vizuri, kimelipiwa. Aliyekiagiza alijua vizuri anachokificha.

Aliyempaka mtoto kwa muda mrefu asikatize ghafla, abebe tyubu yenyewe aende nayo kituo cha afya. Wengine ng'oeni vikaratasi leo, mpige picha ya kilichoandikwa chini, mweke hapa. Sura ya muuzaji msiweke. Mimi namtaka anayemletea.